Kurasa Tatu za Daftari la Karakana

Goweko, 18 Februari 2024

Kwa Baba mdogo Leodgar,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na mguu umepata nafuu. Huku mvua zilichelewa lakini zimekuja. Tumbaku ya mama imesimama vizuri. Mama anakusalimia. Tangu msiba wa kaka hali nyama, wala hasemi kwa nini, nasi tumeacha kumwuliza. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kwamba simu ni ya kuulizia kama mtu amefika. Tena kuta za kambi hii ya Wachina ninakopika ni za mabati. Mpishi akikohoa jikoni anasikika ofisini.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unaikumbuka simu ya kaka Ngassa, ile iliyorudishwa pamoja na viatu vyake. Wifi Martha alinikabidhi kabla hajarudi kwao Ziba. Ndani nimekuta picha tatu alizopiga mwezi wa tisa na mwanzoni mwa wa kumi. Ya mwisho aliipiga siku mbili kabla lori la kokoto halijamshinda pale kwenye mteremko wa machimbo. Ni kurasa za daftari la karakana, zimeandikwa Kichina, kwa mkono. Kaka hakujua Kichina. Mtu hapigi picha mara tatu kitu asichoweza kukisoma kama hana sababu.

Kampuni ilisema alikuwa amelewa. Wewe na mimi tunajua Ngassa hakuonja hata pombe ya harusi yake mwenyewe.

Nilimwomba Sadiki, mkalimani wa kambi, anisomee. Aliangalia picha ya kwanza akanirudishia simu haraka. "Dada Minza," alisema, "mimi nina watoto wanne."

Nikaelekeza kamera ya ile programu ya kutafsiri. Ikaniambia, "Kuku laini anaomba gari." Mwandiko wa mkono unaishinda. Kwa hiyo nimeamua kujifunza mwenyewe. Jumapili huwa napanda gari kwenda Ipuli kwa rafiki yangu Veneranda, kwa sababu kule mtandao una nguvu, na huko nimepakua kamusi ambayo unachora herufi kwa kidole juu ya kioo nayo inakutafutia. Lakini lazima uchore kwa utaratibu wao, juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, la sivyo inakuletea neno jingine kabisa. Kamusi nyingine inatamka. Sauti zao zinapanda na kushuka, na neno moja likishushwa linakuwa jingine. Wenzangu jikoni wanasema haiwezekani. Mimi sioni ugeni. Kinyamwezi chetu nacho kinapanda na kushuka, ila hatujawahi kukiandikia alama.

Shida ni moja. Kamusi hizi zinaeleza Kichina kwa Kiingereza, na Kiingereza changu unakijua, wewe ndiye uliyeiona karatasi yangu ya kidato cha nne. Kwenye karatasi ya pili nimeorodhesha maneno kumi na mawili niliyookota huku na huko katika kurasa zote tatu. Nieleze kila moja kwa Kiswahili, na kama lina maana mbili, uziandike zote mbili.

Wako mwenye shida na maneno,
Minza


Ujiji, 9 Machi 2024

Binti yangu Minza,

Marahaba. Barua yako imefika, nami mguu unanibeba hadi kanisani na kurudi. Mama yako mdogo anawasalimu. Mwanetu Kornel amepandishwa, sasa ndiye msimamizi wa stoo katika machimbo ya kampuni yenu hiyo hiyo, upande huu wa Kigoma. Mungu amekumbuka uzee wetu. Msalimie shemeji yangu, mama yako, mwambie namwombea.

Mwandiko wako umekuwa mzuri, ingawa katika maandishi ya maana huandiki "mwezi wa tisa", unaandika Septemba.

Kujifunza lugha ni jambo jema. Babu wa babu yetu alitoka Unyanyembe na pembe ya ndovu begani, akatembea hadi pwani, akarudi anasema Kiswahili na Kiarabu cha sokoni. Kila kambi ya njiani alibaki na maneno mawili matatu. Lakini alijifunza kwa subira, ili auze na anunue. Hakujifunza kwa hasira. Lugha inayosomwa kwa hasira humdanganya msomaji, humwonyesha anachotaka kukiona.

Majibu ya maneno yako nimeyaandika nyuma ya karatasi yako. Nimeeleza kwa kirefu neno la kwanza hadi la tisa.

Ngassa amekwisha zikwa, Minza. Kazi ya jikoni unayo, wengi hawana. Mtazame mama yako kwanza.

Baba yako mdogo,
L. Shilinde


Goweko, 21 Aprili 2024

Kwa Baba mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama aliugua malaria wiki ya Pasaka, sasa ameamka. Tumbaku tumeikausha.

Nimekaa kimya kwa sababu sikuwa na la kuandika. Ukurasa wa pili wa daftari niliufikia kabla ya Pasaka. Kuna herufi moja ina matone matatu ya maji upande wa kushoto, na upande wa kulia kitu kama mtungi. Niliichora mara nyingi, kamusi ikaniletea neno lile lile: pombe.

Niko jikoni nawakatia watu vitunguu, nimeshindwa kulia vizuri kwa sababu nina kisingizio cha vitunguu. Labda kaka alipiga picha ili ajue wanamsema nini. Labda walikuwa wanasema kweli. Simwambii Martha, na wewe usimwambie mama.

Minza


Ujiji, 27 Aprili 2024

Binti yangu Minza,

Marahaba, na pole. Barua yako nimeipata jana na leo nampa kondakta wa basi hii yangu ili ikufikie upesi.

Sasa umeona. Hata mtu mwema huwa na siku yake moja mbaya, na Mungu hampimi mtu kwa siku moja. Mwache Ngassa apumzike. Futa picha hizo, mrudishie Martha simu. Ulichokitafuta umekipata, na kilichobaki ni kusali. Sitakulaumu kamwe kwa kuuliza.

Kula vizuri. Usiwasumbue wakubwa wa kambi.

Baba yako mdogo anayekupenda,
L. Shilinde


Goweko, 16 Juni 2024

Kwa Baba mdogo Leodgar,

Shikamoo. Mama mzima, mimi mzima. Vumbi limeanza. Mahindi tumeyavuna, magunia yapo ndani.

Sikufuta picha. Nilitaka kufuta, nikawa nimeweka kidole juu ya kioo, nikaikuza picha mara ya mwisho ili niangalie mwandiko wa huyo mtu. Nikaona mtungi wake hauna kitu ndani. Katika neno la pombe, ndani ya ule mtungi kuna kistari kimoja kidogo, kimelala. Katika daftari hakipo. Mimi ndiye niliyekuwa nakichora Machi yote, kwa sababu nilikwisha kuliogopa neno hilo kabla sijalisoma. Nilichora tena bila kistari. Kamusi ikaniletea neno jingine, lile nililolipata Februari nilipookota herufi bila kuziogopa, na maana yake ilikuwa mojawapo ya yale maneno matatu ya Kiingereza ambayo wewe hukuyajibu.

Nilidhani uliyasahau kwa sababu ya uzee. Nikampelekea Anton, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari ya kata. Alinieleza yote matatu akiwa amesimama na chaki mkononi, kabla kengele haijalia. La kwanza ni kumwagika. La pili ni kifaa cha kubadilishia, yaani spea. La tatu ni "kwa sasa hivi, mpaka litakapopatikana jingine".

Sasa soma daftari, Baba mdogo, nimekutafsiria mimi wa kidato cha nne.

Ukurasa wa kwanza, Septemba tarehe 12, karibu na namba ya lori la kaka: "Dereva anasema breki laini."

Ukurasa wa pili, Septemba 25: "Mafuta ya breki yamemwagika. Tunasubiri spea."

Ukurasa wa tatu, Oktoba 6: "Dereva amesema tena. Spea haijaja. Litumike kwa sasa."

Tarehe 8 alikufa.

Uliandika kwamba hasira humwonyesha mtu anachotaka kukiona. Mimi hofu ndiyo iliyonidanganya. Na yule babu wa babu yetu sidhani alijifunza lugha za watu ili auze na anunue peke yake. Nadhani alitaka kujua wenye msafara wanasema nini kuhusu mzigo wake na mgongo wake.

Kuna jambo la pili, nalo silipambi. Barua yako ya Machi ilichukua wiki tatu kunijibu. Ile ya Aprili, nilipokuambia kaka alikuwa mlevi, ulinijibu siku moja tu baada ya kuipata. Nilijiuliza sana. Jumamosi iliyopita nimekwenda Ziba kumsomea Martha kurasa hizi. Wanawake wa kisimani wamembandika jina la mke wa mlevi, na baba yake ameanza kuliamini. Nilipomaliza kusoma alinyanyuka, akafungua begi, akanionyesha nakala ya fomu ya kampuni. Imeandikwa kwamba familia inakubali marehemu alikuwa amelewa na haina dai lolote. Chini pana sahihi. Naijua sahihi hiyo tangu darasa la tatu, ilikuwa ikisahihisha barua zangu kwa wino mwekundu.

Martha alidhani mimi na mama tulijua.

Nakuuliza kwa adabu zote nilizofundishwa: ulisoma fomu kabla hujatia sahihi?

Minza Shilinde


Ujiji, 1 Septemba 2024

Binti yangu Minza,

Marahaba. Mama yako mdogo alilazwa siku nne kwa presha, sasa yuko nyumbani. Ziwa limekuwa na upepo na dagaa wameadimika. Mvua za kwanza zinanukia.

Nimeanza barua hii mara kadhaa. Unajua kwamba kaka yangu, baba yako, alipofariki mimi ndiye niliyewasomesha wewe na Ngassa. Sisemi ili unishukuru. Nasema ili ukumbuke kwamba sijawahi kuwatakia mabaya.

Mtu mzima hupambana na mambo mengi ambayo kijana hayaoni. Siku ile ya msiba walikuja watu wawili wenye gari, wakiwa na heshima, wakiniita mwalimu. Walikuwa wamekwisha kujua kuwa nina mtoto anayefanya kazi kwao. Walimtaja kwa jina, wakamsifu, wakasema kampuni ni familia na familia haishtakiani.

Nasikia kutoka kwa mtu wa Tabora kwamba wewe na Martha mmekwenda kwa afisa kazi. Nakuomba usiendelee. Kompyuta na simu si mahakama. Watakuuliza umesoma Kichina wapi, utasema kwenye simu, nao watacheka. Utajiaibisha, na Kornel ana mtoto wa miezi mitano.

Ngassa hahitaji tena jina. Walio hai wanahitaji kula.

Baba yako mdogo,
L. Shilinde


Ipuli, 20 Oktoba 2024

Kwa Baba mdogo Leodgar,

Shikamoo. Pole kwa kuuguliwa. Nimefurahi mama mdogo amerudi nyumbani. Mama hajambo. Anuani yangu imebadilika kama unavyoona, niko kwa Veneranda.

Swali langu hukulijibu. Nitakueleza yaliyotokea ili usiyapate kwa mtu wa Tabora.

Afisa kazi alituita tarehe 9. Tulikaa chumba kimoja kidogo: mimi na Martha upande mmoja, upande wa pili meneja wa machimbo, Sadiki, na Bwana Luo, fundi mkuu wa karakana. Bwana Luo nilimpikia mwaka mzima. Hapendi chumvi nyingi, na nikimsalimia kwa lugha yake huitikia bila kuinua macho. Siku hiyo alikuwa akiangalia mikono yake.

Afisa aliweka picha mezani, akauliza ni nini. Meneja alisema maneno machache, Sadiki akatafsiri, "Anasema ni orodha ya matairi."

Nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa, naomba niisome." Meneja alitabasamu, akauliza nimesoma chuo gani. Kama ulivyosema. Nikamwambia Sadiki amwambie kwamba nimesomea jikoni kwake, na kwenye simu, na kwamba daftari halijui kama nina cheti.

Nikaanza. Nilisoma polepole, kidole juu ya kila herufi. Nilipofika kwenye breki nikakwama. Herufi ile ya mwanzo kamusi inaipa sauti mbili, na kwenye daftari hakuna anayekuambia ni ipi. Nikachagua, nikasema "cha".

Bwana Luo akasema, "Sha." Hakuinua kichwa. Alisema kama mwalimu aliyechoka, kwa sauti ile ya juu iliyonyooka. "Shache."

Meneja akageuka kumtazama. Sidhani Bwana Luo alikuwa amekusudia. Nadhani alikaa pale anasikia mwandiko wake mwenyewe unasomwa vibaya, na mdomo ukamtangulia. Orodha ya matairi haina breki ndani yake.

Nikasema, "Shache," sawasawa na alivyosema, nikaendelea hadi mwisho wa ukurasa wa tatu. Hakunisahihisha tena.

Kisha yeye mwenyewe akaanza kusema. Meneja alimkatiza mara mbili, naye akaendelea. Sadiki alikuwa ameinamisha uso. Afisa kazi akamwambia, "Tafsiri." Sadiki akafuta jasho, akatafsiri: "Anasema mwandiko ni wake. Anasema alikwenda ofisini kusema lori lisitoke, akaambiwa aandike 'litumike kwa sasa'. Anasema dereva alikuwa akija kila asubuhi kuangalia kama ameandika. Anasema hakumwona akiwa amelewa siku yoyote."

Martha alilia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Ile taarifa ya kwanza imebatilishwa kwa maandishi. Mpya inasema lori lilikuwa bovu na dereva alikwisha kutoa taarifa. Martha atapata haki yake ya mjane wa mtu aliyefia kazini, lakini kitu cha kwanza alichoomba ni nakala kumi za barua hiyo. Moja ameipeleka kwa baba yake. Nyingine ameibandika mlangoni kwa mwenyekiti wa kijiji Ziba, njia ya kisimani.

Mimi nilifukuzwa asubuhi iliyofuata. Wamesema nilitumia simu saa za kazi, na hilo ni kweli. Nilipokuwa nafunga virago Bwana Luo alipita jikoni, akasimama mlangoni, akasema neno moja lile lile, "shache", akanitazama nilirudie. Nikalirudia. Akatikisa kichwa kwamba ni sawa, akaenda zake. Nasikia wamemrudisha kwao.

Sitaacha kusoma. Nina herufi mia nne na ushee, na hapa Ipuli mtandao haukatiki. Madereva wawili wa machimbo wamekuja Jumapili na mikataba yao ili niwasomee upande wa Kichina. Niliwaambia wakae, nikachukua kalamu.

Fomu uliyotia sahihi nayo imefutwa. Jina lako, lakini, nimelisoma pale, na halifutiki kichwani mwangu.

Minza


Ujiji, 10 Novemba 2024

Minza,

Marahaba.

Sikuisoma fomu ile. Nilikuwa na miwani mfukoni. Miaka thelathini na minne nimewaambia watoto wa watu wasome swali kabla ya kujibu, na siku ile miwani ilibaki mfukoni, kwa sababu nilijua nikiivaa nitaona.

Yale maneno matatu niliyaelewa mara tu nilipofungua karatasi yako. Nilijua yametoka wapi.

Kornel hajaguswa kazini. Ameisoma barua yako ya Oktoba, aliikuta mezani. Aliniuliza kama nilifanya hivyo kwa ajili yake. Sasa ana wiki mbili hajaniletea mtoto.

Nataka kuja Goweko Desemba, kwenye misa ya Ngassa. Nakuomba jambo moja. Mama yako hajui. Mwandae kidogo kabla sijafika, wewe unajua kusema naye. Mimi nitaanzia hapo.

L.


Ipuli, 24 Novemba 2024

Kwa Baba mdogo Leodgar,

Shikamoo. Mvua imefika na barabara ya Goweko imekuwa tope. Mama hajambo. Jumapili iliyopita alikula nyama, kipande kimoja, akasema imekosa chumvi.

Kuhusu ombi lako, nakataa.

Nitamwambia mama kwamba unakuja, na siku, na treni. Sitamwandaa. Mimi nimekaa miezi minane nikichora herufi za watu kwa kidole ili nijue ukurasa mmoja unasema nini, na wewe uliyaelewa maneno yale siku ile ile ukanyamaza. Sitakutafsiria na hili. Utamwambia mwenyewe, kwa Kinyamwezi, taratibu, na akikuuliza swali utamjibu swali aliloliuliza. Baada ya hapo utawaambia watu waliokuja kwenye misa, kwa sababu ndio waliosikia kwamba alikuwa mlevi. Martha atakuwepo. Nimemwambia unakuja, akasema ni sawa, atakaa mbele.

Nimemwandikia Kornel pia. Nimemwambia hana kosa na namtaka aje na mtoto.

Usiniletee zawadi. Ukipenda, niletee ile kamusi yako kubwa ya Kiingereza, kwa sababu ya kwenye simu inanipa maana nyingi bila kuniambia ipi ndiyo yenyewe. Madereva sasa ni saba.

Sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe. Lakini wewe ni baba yangu. Niandikie treni inafika stesheni ya Tabora siku gani, nitakuja kukupokea na kukubebea begi.

Binti yako,
Minza Shilinde